Soksi Masikioni mwa Mbuzi wa Mahari

Kupe niliokuja nao nyumbani Baraka, kwetu ufukweni mwa ziwa, hawakuwa kupe wa kuokota njiani. Walitotolewa maabara, wakalelewa kwa damu ya sungura msafi, wakakua bila ugonjwa, na nilisafiri nao kutoka mjini ndani ya chupa iliyofungwa kitambaa mdomoni, nimeipakata mapajani njia nzima. Mama alikuwa bado ananipokea mizigo wakati shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipoichukua ile chupa na kuiinua kwenye jua.

“Hii ni nini?”

“Ni kupe, shangazi.”

“Kwani hapa Baraka kupe zimeisha?”

Nilimweleza kwamba hawa ni kupe wa masomo, kwamba hawana maradhi, kwamba tangu wawe wakubwa hawajamuuma mtu wala mnyama. Shangazi aliwatazama upya, safari hii kwa heshima, kisha akaitangazia nyumba nzima: “Kumbe ni mabikira.” Tangu siku hiyo hakuna aliyewaita kupe. Asubuhi mama aliuliza kama mabikira wamelala vizuri, na baba akataka kujua mabikira wanakula nini.

Swali la baba ndilo lililokuwa limenileta. Nilikuwa msichana wa mwaka wa mwisho wa biolojia, kupe wangu walihitaji mbuzi wa kumnyonya damu kwa siku kadhaa, na maabara yetu haikuwa tena na mbuzi. Wa mwisho aliliwa kwenye sherehe ya kufunga mwaka, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomla. Profesa wangu akaniuliza, “Kwani kwenu hakuna mbuzi?” Nikajibu kwamba wapo. Sikumwambia kwamba wale waliofungwa nyuma ya jiko letu hawakuwa mbuzi hasa. Walikuwa mke wa kaka yangu.

Kaka alikuwa amempenda msichana wa Fizi, kule juu milimani, na alimpenda kiasi kwamba alipiga pasi mashati ambayo hakuwa na mpango wa kuyavaa. Msichana naye alimtaka. Tatizo halikuwa wao wawili. Tatizo lilikuwa baba.

Baba yangu ni mvuvi, na anaposhuka mtumbwini huwa na maneno ya siku nzima ambayo samaki hawakutaka kuyasikia. Tulipopanda Fizi mara ya kwanza kujitambulisha, alisimama akausifu uzuri wa bibi harusi kwa muda mrefu, kwa moyo wote, huku akimtazama mdogo wa msichana huyo. Mara ya pili alitaka kuchangamsha mazungumzo, akasimulia jinsi mzee mmoja alivyoanguka ziwani kule Kazimia kwa sababu alikuwa akiikimbilia kofia yake, na jinsi walivyomvua kwa wavu pamoja na samaki wa migebuka. Ilikuwa hadithi nzuri. Mzee mwenyewe alikuwa marehemu babu wa bibi harusi, na mjane wake alikuwa amekaa pale mbele, mikono mapajani. Baba mkubwa wa msichana, ambaye ndiye aliyesimama mahali pa baba yake aliyekufa, alitusindikiza hadi barabarani na kusema kwa upole kwamba tutakuja mara ya tatu na mbuzi, na kwamba hakutakuwa na mara ya nne.

Sasa lazima nieleze kidogo kazi yangu, na nitaeleza haraka kwa sababu najua watu huanza kutazama simu zao nikifika hapa. Mbu akikuuma, unajua. Kupe anaweza kukaa kwenye ngozi yako karibu juma zima, anakunywa, anavimba, na wewe unaendelea na shughuli zako. Siri iko kwenye mate yake, nayo mate ya kupe yana vitu vingi kuliko duka la dawa. Mimi nilipewa kile kidogo kuliko vyote: vipande vifupi vya ARN, ile ambayo wengine huiandika RNA. ARN tuliyofundishwa shuleni hubeba ujumbe kutoka kwenye jeni ili seli itengeneze kitu fulani. Vipande vyangu havibebi ujumbe na havitengenezi chochote. Kazi yao ni kumnata mbeba ujumbe na kumziba mdomo. Ndani ya kupe mwenyewe vinaamua lipi lisemwe na lipi lingoje, wakati wa njaa na wakati wa kushiba. Vingine hutoka pamoja na mate na kuingia kwenye ngozi ya mnyama, na inaonekana huko nako vinafanya kazi ileile: seli za ngozi zinataka kupiga kelele kwamba mwizi ameingia, navyo vinaziambia zinyamaze.

Niliposoma hayo mara ya kwanza, maktaba, nilimwona shangazi wazi kabisa.

Katika mikutano ya ukoo wetu shangazi hakuwa akileta kitu. Hakupika, hakuchangia, hakutoa hotuba. Alikaa kwenye kiti kifupi nyuma ya baba, akaingiza vidole viwili chini ya shati lake ubavuni, na akangoja. Baba akielekea kusema jambo la kuharibu, alimfinya. Tangu utoto wao ilikuwa hivyo. Sasa watafiti wakitaka kujua kipande fulani cha ARN kina kazi gani, wanakiondoa halafu wanaangalia kinachoharibika. Nasi tulikuwa tumefanya jaribio hilo bila kupenda. Mara ya kwanza kwenda Fizi shangazi alikuwa na malaria, na mara ya pili alikuwa Kazimia akinunua ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Matokeo nimeshayaeleza. Fikra hiyo niliipenda sana, lakini sikuthubutu kumwambia shangazi kwamba nimemwona ndani ya mate ya kupe.

Tarehe ya kupeleka mahari ilikuwa bado mbali, kwa hiyo baba aliniruhusu kumtumia mbuzi mmoja, kwa sharti kwamba asipate jeraha. Nilimchagua beberu mweupe mwenye ndevu kwa sababu ndiye pekee aliyesimama bila kunipiga pembe. Kupe wa maabara hawaachwi hovyo mwilini mwa mnyama. Wanafungiwa kwenye kifuko kinachovishwa sikioni na kugandishwa kwa gundi kwenye shina la sikio. Mimi sikuwa na kifuko. Jirani yetu, mama mkimbizi kutoka Burundi, ambaye akitoka shambani hufuma soksi za watoto wachanga na kuziuza sokoni, alikuwa amepata uzi mwingi wa njano ambao hakuna mama aliyeutaka. Alinipa soksi moja, akaipima mwenyewe sikioni mwa beberu, akasema imekaa vizuri kuliko kwa mtoto. Tukawaingiza mabikira, nikapaka gundi, na beberu akaenda zake kula majani ya mihogo ambayo mama alitaka kuyapika sombe, sikio moja la njano.

Kwa siku chache nilikuwa mtu mwenye furaha. Kisha simu ya baba ikalia.

Baba mkubwa wa bibi harusi alikuwa anaondoka kwenda Lulimba. Walikuwa wamemwita kwenye shimo lake la dhahabu na hakujua atarudi lini. Kwa hiyo mbuzi wafike kesho kutwa, na yule beberu mweupe asikosekane, maana alimwona alipokuja sokoni Baraka na moyo wake umemtulia.

Tulikaa nyuma ya jiko, ukoo mzima, tukimtazama beberu. Nilijaribu kuibandua soksi na beberu akalia kama anachinjwa. Gundi ilikuwa imeshika kweli. Ningeivuta ingetoka na ngozi. Ningeikata, kungebaki pete ya uzi wa njano na sikio lililojaa uvimbe, na mnyama wa mahari lazima awe mzima kuanzia pembe hadi kwato. Kaka aliingia ndani, na baada ya muda tukasikia anapiga pasi.

“Mi nitaenda kubaeleza,” alisema baba. “Nitasema polepole, nianzie mwanzo kabisa...”

Shangazi alimfinya. Kisha akawatazama mbuzi mmoja mmoja, kwa muda mrefu, akamgeukia jirani yetu. “Ile sosete ya manjano, kungali zingine?”

Zilikuwepo tele.

“Mbuzi moja ikivaa sosete, batasema ni wazimu,” alisema shangazi. “Zikivaa zote, batasema ni desturi.”

Mimi nilisoma miaka mingi na sikuwahi kusikia upuuzi wenye sababu nzuri kama ule. Nilibisha kidogo, kwa ajili ya heshima ya chuo, halafu nikashika mbuzi wa pili ili avishwe. Hawa wengine hawakupakwa gundi. Soksi zao tulizifunga kwa uzi, taratibu, na fundo la ua kama la zawadi. Mama alirudi nyuma hatua kadhaa na kukiri kwamba wamependeza.

Tulipanda Fizi kwa lori. Njia nzima watu waliacha majembe yao wakatutazama. Kwenye kizuizi askari alizunguka nyuma, akaangalia masikio yale ya njano yaliyopangika, akauliza ni kwa nini. “Fizi kuko baridi,” alijibu shangazi, na askari, ambaye labda alikuwa mgeni wa milima hiyo, alijifunga koti na kutupungia mkono tupite.

Uwanja wa wakwe ulikuwa umefagiwa, viti vya plastiki vimeazimwa parokiani. Bibi harusi alikuwa amekaa mkekani, amefunikwa kitenge kichwa hadi magoti, kwa sababu siku hiyo haruhusiwi kusema neno mpaka aulizwe. Kando yake alikaa nyanya yake, yule mjane wa mzee wa kofia. Sisi tulipewa upande wa pili: baba mbele, kaka kulia kwake, shangazi na kiti chake kifupi nyuma ya baba, mimi kando ya shangazi. Mbuzi walipitishwa wakasimama kwa mstari.

“Tunaona mbuzi,” alianza baba mkubwa, amevaa koti lake la kanisani. “Aksanti. Tunaona na sosete. Ile sosete ni ya nini?”

Baba alifungua mdomo. Niliona vidole vya shangazi vikipotea chini ya shati lake, na mdomo ukafungwa.

“Ni heshima,” alisema shangazi.

Baba mkubwa alitazama mbuzi, akawatazama ndugu zake. Hakuna mtu katika uwanja ule aliyetaka kuwa wa kwanza kuonyesha kwamba hajui heshima hiyo. Walisogea kando wakanong'onezana, na aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyepata kasoro, kwa sababu katika shughuli ya mahari upande wa msichana ukikosa kasoro unaona umeibiwa.

“Kwetu Fizi mbuzi iko na masikio mbili,” alisema. “Heshima ya sikio moja ni nusu heshima. Ile ingine iko wapi?”

Sisi hatukuwa na soksi nyingine za njano. Zilibaki Baraka. Kaka alisubiri kidogo, akainama, akavua kiatu. Alivua soksi yake ya kulia, akaivua ya kushoto, akaenda bila viatu kuwavisha mbuzi wawili, naye alifanya hivyo kwa uso mzito kana kwamba anavisha pete. Basi wanaume wetu wote wakafuata, hata dereva wa lori ambaye hakuwa ndugu. Baba alikuwa wa mwisho. Alijua hali ya soksi zake. Mbuzi aliyevishwa ile ya kushoto alitoa ncha ya sikio kupitia tundu la kidole gumba, akalitikisa, na upande wa pili wa uwanja watu kadhaa walipatwa na kikohozi kwa wakati mmoja.

Nilidhani tumepona. Ndipo nyanya wa bibi harusi alipoinuka.

Alikuja na fimbo yake, akapita mbele ya mbuzi mmoja baada ya mwingine akipapasa masikio, akafika kwa beberu mweupe. Akaibonyeza soksi ya njano. Akaibonyeza tena. Kupe aliyeshiba nusu ameshavimba, ni mgumu na wa mviringo.

“Kuko kitu ndani,” alisema. Akafikiri kwa vidole. “Ni maharagi! Bameficha maharagi ndani! Bakwe banatupatia zawadi ya siri!”

Wanawake wakapiga vigelegele. Walisema hawajawahi kuona ukoo wenye adabu kama ule wa Baraka. Mmoja alikimbilia ndani kuleta ungo wa kuyapokelea maharagi. Na nyanya akaanza kutafuta fundo la uzi ili afungue.

Nilimtazama baba, baba alimtazama shangazi, shangazi alitazama mbele kama picha. Kisha nikamwona kaka. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, miguu mitupu vumbini, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona mtumbwi wake unakwenda na maji. Niliogopa kweli. Sikuogopea masomo, mabikira wangeweza kufa wote pale uwanjani na nisingelia. Niliogopa kwamba kaka hatapata tena kupiga pasi shati lolote.

Nilisimama. Mtu wa umri wangu, tena msichana, hasimami katika shughuli hiyo bila kuitwa, kwa hiyo niliukaza ubavu wangu nikingoja vidole vya shangazi. Nilingoja. Havikuja.

“Bibi, usifungue,” nilisema. “Haiko maharagi. Ni kupe.”

Vigelegele vilikatika. Mwenye ungo alisimama mlangoni.

“Kupe,” alirudia baba mkubwa. Alisimama polepole. “Munatuletea kupe? Kwa mahari?”

Nikaeleza. Nilieleza chuo, sungura, gundi, simu ya safari ya Lulimba, soksi za watoto, kila kitu, na sikuweza kujizuia kuongeza kwamba kupe wenyewe ni safi na hawajawahi kuuma mtu. “Ni mabikira,” alisaidia mama kutoka nyuma, na haikusaidia. Baba mkubwa alikuwa ameshaanza kufunga vifungo vya koti lake, na kila kifungo nilikiona kama mlango unafungwa. Lakini nyanya hakuwa ameondoka kwenye sikio la beberu.

“Mutoto,” aliniambia, “hii kupe iko inakunywa damu siku yote, na mbuzi haisikie?”

“Haisikie, bibi.”

“Juu ya nini?” alitaka kujua sababu.

“Ndani ya mate yake kuko kakitu kadogo sana. Hakaonekane na macho.”

“Kanafanyaka nini?”

“Hakafanye kitu,” nilisema, nikijua tunakokwenda. “Hakapike, hakajenge, hakalete kitu. Kanazuia tu. Kama kuko mutu anataka kusema, kanamunyamazisha.”

Nyanya aligeuza kichwa taratibu, akamtazama baba, akainama kidogo ili aone nyuma ya baba, na akainyoosha fimbo yake.

“Basi kale kakitu,” alisema, “ni huyu mama.”

Ile fimbo yake ilibaki imemwelekea shangazi.

“Tangu mumeikala naangalia mukono yake. Muzee anafungua mudomo, ye anafinya. Muzee anafungua, ye anafinya.” Akahesabu jambo kichwani, macho yakamtoka. “Na zile safari mbili zenye mulikuyaka, huyu mama hakukuwako!”

Shangazi yangu hakuwahi kutajwa hadharani maishani mwake. Watu wote wa Fizi, na wote wa Baraka, na nadhani mbuzi pia, walimgeukia. Angeweza kukasirika, na akikasirika yeye, ukoo wetu wote ungekasirika na kupanda lori. Alibaki ametulia, vidole bado viko chini ya shati la baba mbele ya macho ya watu wote.

“Na bado anasemaka sana,” alisema.

Aliyeanza kucheka ni nyanya mwenyewe. Alicheka mpaka akashika pembe ya beberu asianguke. Akafuata mwenye ungo, akafuata dereva wetu, na baba mkubwa akajitahidi kubaki mkali, akashindwa, akafungua tena vifungo vya koti lake kwa sababu vilikuwa vinambana. Chini ya kitenge mkekani kitu kilikuwa kinatikisika, na kaka alikuwa amekikodolea macho kwa hofu, hajui kama mchumba wake analia au anacheka.

Baba mkubwa alijifuta macho, akajirudisha kwenye kiti chake, akakohoa kikazi. “Mutoto yetu,” alisema kuelekea mkekani. “Umesikia yote. Mbuzi ni hizi, na sosete, na kupe. Tupokee, ao tusipokee?”

Kitenge kilitulia. Kisha sauti ikatoka ndani yake, wazi kabisa.

“Mupokee. Lakini baba mukwe akikuyaka kututembelea, akuye na shangazi.”

Kaka alilia. Sisemi kwamba macho yalimlowa. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, miguu mitupu, na wanaume wa pande zote mbili walimpiga mabega, na hakuna aliyemdhihaki hadi kesho yake.

Ilibaki shida yangu ndogo, kwamba beberu alikuwa sasa mali ya wakwe, na kupe wake pia. Baba mkubwa aliamua kwamba siwezi kuchukua kitu kilichokwisha kupokelewa, ila naweza kubaki na kukiomba. Basi nilibaki Fizi, na shangazi akabaki nami kulinda adabu yangu, au kwa sababu nyanya alikuwa amemkamata na hamwachii. Siku ya kuwatoa kupe ilipofika nililainisha gundi kwa mafuta, nikakata uzi, nikawang'oa mmoja mmoja kwa kibano pale uwanjani. Niliwaambia wote kwamba ARN inaharibika upesi sana, kwamba jasho la mkono linaiua na tone la mate linaiua, kwa hiyo nikianza kupasua kupe asiongee mtu karibu na meza. Walitii kwa namna ya kutisha. Nyanya alimshika beberu pembe, wifi yangu mtarajiwa alishika chupa, na shangazi alisimama nyuma yetu ameziba mdomo wake kwa viganja viwili. Nilitoa zile tezi za mate, ndogo mno, mfano wa vishada vya zabibu visivyoonekana vizuri, nikazitumbukiza kwenye maji ya dawa, na kwa muda wote huo kitu pekee kilichosema Fizi nzima alikuwa jogoo, ambaye nyanya alimtupia kiatu.

Tulipomaliza nilimuuliza shangazi kwa nini siku ile hakunifinya.

“Mukono moja ilikuwa ndani ya shati ya baba yako,” alisema. Akatazama upande wa bonde. “Na ile ingine ilikuwa inatetemeka.”

Nilimaliza masomo. Baadhi ya vipande vyangu vya ARN vilionekana vingi kwa kupe waliokuwa wakinyonya, na kwa wenye njaa havikuonekana sana. Ni matokeo madogo, lakini ni yangu, na mwishoni mwa kazi yangu nilimshukuru profesa, mama mfuma soksi, na mbuzi. Kaka na wifi walijenga hapa Baraka, karibu na maji. Sharti la wifi lilishikwa barabara. Baba hakuwahi kuvuka kizingiti chao peke yake. Alikuwa akisimama nje, anaita, anaulizwa yuko na nani.

Shangazi alitutoka mwaka jana. Watu wa Fizi walishuka wote, na nyanya, mzee sana sasa, aliketishwa mbele. Kaburini baba alisimama kusema neno. Alianza vizuri. Alisema jinsi dada yake alivyombeba mgongoni walipokuwa wadogo, kisha akasema habari za samaki wa enzi hizo, kisha akataja Kazimia, na tukasikia, sote kwa pamoja, kwamba anaelekea kwenye kofia. Nyanya alikuwa pale mbele, mikono mapajani. Baba alisema, “Basi kulikuwa muzee moja...” na akanyamaza. Akageuka nyuma. Kile kiti kifupi tulikuwa tumekileta bila kuambiana, na hakuna aliyekikalia.

Wifi aliinuka kutoka mkeka wa wanawake, akaja, akakikalia. Mkamwana hamgusi baba mkwe, hilo kwetu halina mjadala. Kwa hiyo alinyoosha mkono akamfinya kaka aliyekuwa mbele yake, na kaka, bila kugeuka, akanyoosha mkono akamfinya baba.

Baba alifunga mdomo. Akaushika ubavu wake.

“Alikuwa dada yangu,” alisema, akakaa.